Kiboksi cha Gastón

Jumatatu, 6 Januari

Gastón amerudi, na usiku wa kwanza tu kapewa kitanda changu. Baba ndiye aliyeamua. "Ndege inavunja mgongo," alisema, utadhani yeye ndiye aliyesafiri. Nimelala kwenye kochi na nimeamka shingo imekakamaa.

Mdogo wangu amekaa Barcelona miaka tisa. Mama alipofariki hakuja. Alituma maua, yakafika siku ya pili baada ya mazishi. Leo kaingia na begi moja na kiboksi cheusi chenye vitufe, ukubwa wa Biblia, ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Baba kalia. Baba huyu, ambaye mtaa mzima wa Cerro unamwita Tero, kama yule ndege, na ambaye hata makaburini sikumwona akifuta jicho.

Nilichoma mbavu za watu sita. Gastón kala za watatu.

Ijumaa, 10 Januari

Mazoezi ya kwanza na skrini.

Kwenye kanivali ya mwaka huu sisi, kundi la Wabishi wa Cerro, tunaigiza maisha ya wanawake wa kiwanda cha nyama, kile kilichofungwa, ambako bibi yangu na nusu ya mtaa walifanya kazi. Kundi ni la Baba. Yeye ndiye aliyelianzisha, yeye ndiye anayeongoza, siku hizi akiwa amekaa kwenye kiti chake cha turubai kando ya jukwaa. Waigizaji wanakejeli, wanaimba, wanacheza. Mimi nakaa kwenye meza ya mitambo. Kila kinachoonekana kwenye skrini nyuma yao nimekichora mimi: barabara, vyumba, mawingu. Mwaka huu picha ya mwisho ni bomba la kiwanda linalotoa moshi, na moshi unageuka shakwe, mmoja mmoja, mpaka anga inajaa. Nimeichora majira yote ya baridi, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Baba aliitazama mpaka mwisho. "Sawa," akasema.

Halafu Gastón akawasha kiboksi chake. Akaelekeza kamera ya simu usoni kwa Pocho, mchekeshaji wetu mkuu, na kwenye skrini pua ya Pocho ikaanza kurefuka, ikajikunja, ikaingia sikioni mwake mwenyewe. Baba akacheka mpaka akakohoa.

"Hiki ni nini, kijana wangu?"

"Madoido ya papo hapo, Baba. Hakuna kilichochorwa. Kila kitu kinatokea sasa hivi."

"Sasa hivi!" Baba akarudia, kama vile sisi wengine tulikuwa tunafanya kazi jana.

Jumamosi, 11 Januari

Bado kochi.

Jumatatu, 27 Januari

Jana tulianza mzunguko. Majukwaa matatu ya mitaani, basi moja, joto la kutoa ngozi.

Kwenye jukwaa la pili kompyuta yangu ilizidiwa na joto. Skrini ikawa buluu tupu, na katikati maandishi ya kuomba radhi. Pocho alikuwa katikati ya wimbo. Akageuka, akaiona ile buluu, akawaambia watu, "Mnaona? Hata anga la Cerro limefilisika." Wakacheka, lakini ucheshi wa namna hiyo una dakika moja tu ya uhai. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, naipepea mashine kwa sinia ya plastiki.

Nikaona mkono wa Gastón. Akachomoa kebo yangu, akachomeka yake. Sikuulizwa.

Akaelekeza kamera kwa watazamaji. Mstari wa mbele alikuwepo mzee mnene anayekula mkate wa soseji. Gastón akamwekea taji la maua kichwani, kisha masharubu ya haradali, kisha akamfanya kuwa wawili, mmoja akimnyang'anya mwenziwe soseji. Mzee mwenyewe akasimama, akainama kama mfalme. Watu wakapiga miguu chini. Pocho akadakia, akaanza kumhoji mzee kama mkurugenzi wa kiwanda. Hakuna kati ya hayo lililoandikwa popote.

Kompyuta ilipozinduka, hakuna aliyeihitaji tena.

Ndani ya basi Baba akamshika Gastón shingoni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Basi zima likapiga makofi. Nami nilipiga. Viganja vyangu vilikuwa na vumbi la chini ya meza.

Jumapili, 2 Februari

Sikukuu ya Iemanjá. Wenzangu wameenda ufukweni kumpelekea mama wa bahari mishumaa na tikiti maji. Nami nilikwenda. Nilimwomba kitu ambacho sitakiandika.

Jumatano, 5 Februari

Baba kasema tuondoe onyesho la soko na lile la stesheni, "tumwachie Gastón nafasi." Mandhari zote mbili ni zangu.

"Zina kasoro gani, Baba?"

"Hazina kasoro. Ndiyo shida yake. Watu wanataka kuona kitu ambacho kinaweza kuharibika."

Sasa kila usiku nakaa nyuma ya mdogo wangu bila kazi, namwangalia vidole. Siwezi kuacha kumwangalia. Kitufe cha juu kushoto kinavuta sura. Kile cha pembeni yake kinaigawa. Chenye mkanda mwekundu kinafanya kila kitu kinachosogea kiache kivuli chake nyuma, kama mtu anayepita akisahau miili yake njiani. Hicho hakitumii, anasema kinachosha macho. Nakijua kiboksi kile kama mwanamke anavyomjua hawara wa mumewe: nguo zake, njia zake, saa zake za kutoka. Sijawahi kukigusa.

Alhamisi, 6 Februari

Shirley, mwimbaji wetu mkuu, kanikuta nyuma ya basi. "Nibia, shoga yangu, uso huo utagandisha maziwa."

"Nimechoka."

"Uchovu hauna macho ya namna hiyo," akasema, akaenda zake kubadilisha viatu.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefanya jambo.

Jukwaa la jana ni la klabu moja ya mtaa wa mbali. Skrini yao ni kuukuu na inachelewa: picha hutokea nafasi ya pumzi nzima baada ya kamera kuiona. Kwa michoro yangu haina neno; unaanza mapema kidogo, basi. Lakini kwa mtu anayetegemea sasa hivi, ni kaburi. Nilikuwa nalijua hilo. Gastón hakuwa analijua. Tulipokuwa tunafunga kebo aliniuliza, "Kuna jambo lolote hapa, dada?"

Nikasema, "Hapana."

Pocho alianza hotuba yake na mdomo mkubwa ukawa nyuma yake kwenye skrini. Pocho akisema neno, mdomo umefumba. Pocho akinyamaza, mdomo unapiga kelele bila sauti. Mwanzoni watu walidhani ni utani. Halafu wakaona hofu ya Pocho. Mmoja akapaza sauti, "Mpeni huyo mdomo maji anywe!" Mluzi ukaanza kutoka viti vya nyuma. Gastón alikuwa anabonyeza vitufe kama mtu anayeua sisimizi.

Ndani ya basi Pocho akatupa wigi lake. "Mdomo wangu mwenyewe unanifuata nyuma kama mbwa! Miaka ishirini na saba jukwaani, leo nimezomewa na klabu ya mchezo wa karata!"

Baba akanigeukia mimi. "Hukumwambia?"

"Sikujua."

Niliketi dirishani nikaonja ile furaha. Ilikuwa tamu kweli, sitasema uongo humu ndani. Ilidumu mpaka darajani. Baada ya hapo niliona kwenye kioo sura ya Gastón nyuma yangu, amekumbatia kiboksi chake mapajani kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akikumbatia mkoba wa shule wenzake walipomcheka. Nikaangalia mto. Hauonekani usiku, lakini niliuangalia.

Jumatano, 12 Februari

Mvua kutwa. Hakuna onyesho. Mvua ikinyesha lazima nyumba ikaange mikate, na mwaka mzima mimi ndiye mkaangaji. Leo kakaanga Gastón. Imetoka kama ya Mama, ile ile, na tundu katikati. Hata hilo.

Jumanne, 18 Februari

Mvua. Usiku wetu wa mashindano ya kanivali ni Jumapili. Turubai la meza ya mitambo limeshonwa upya.

Jumatatu, 24 Februari

Naandika asubuhi, nguo za jana bado mbichi kwenye beseni. Nataka niandike yote kabla watu hawajaanza kusimulia wao.

Mvua ilikata saa moja kabla ya zamu yetu. Watu elfu kadhaa walikuwa wamekaa kwenye ngazi za ule uwanja wa wazi, magazeti chini ya makalio, wakinyonya chai ya yerba kwa mirija na kuimba matusi kwa mawingu. Majaji kwenye kibanda chao. Baba alikuwa kwenye kiti chake, amevaa koti la harusi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji ya mfereji. Michoro yangu ikaingia mahali pake. Gastón akamrefusha Pocho pua, majaji wawili wakacheka. Tukabakiwa na onyesho la mwisho: kengele ya kiwanda, wanawake wanatoka zamu kwa mara ya mwisho, Shirley anaimba, na moshi wangu unageuka shakwe.

Turubai lilikuwa limekusanya maji katikati, limening'inia kama kiwele. Upepo mmoja, mmoja tu, ukaliinua.

Maji yote yalishuka kwenye kompyuta. Sikusikia mlio wowote; niliona tu mwanga wake ukizimika, majira yangu ya baridi yote yakiwa ndani. Papo hapo skrini kubwa ikafa kuanzia juu, safu baada ya safu. Iliyobaki hai ni safu moja ya chini kabisa, mkanda mrefu wa mwanga uliokatiza jukwaa zima, kimo cha goti la mtu. Juu yake giza.

Kengele ya kiwanda ikalia kwenye spika. Hiyo haikuwa na habari.

Baba akageuka kwenye kiti. Hakunitazama mimi. Alimtazama Gastón.

"Washa!" nikamwambia Gastón. "Kebo yako ni nzima. Washa!"

Alikuwa ameshika simu, hajaielekeza popote. "Siwezi, dada. Sura haiingii pale. Sura inataka skrini nzima. Nikiweka sura pale nitapata kidevu."

"Basi weka kitu kingine."

"Sina kingine!" Akaniangalia kama mtoto. "Nibi, mimi ninachojua ni sura."

Shirley alikuwa ameshaanza ubeti wa kwanza. Nyuma yake kwaya ilikuwa inaingia, wanawake kumi na wawili wamevaa mabuti meupe ya mpira, yale ya kazi ya machinjioni, wakitembea juu ya mbao zenye madimbwi. Nikaangalia ule mkanda wa mwanga. Kimo cha goti. Nikajiuliza ni kitu gani cha binadamu kina kimo cha goti, na jibu lilikuwa linatembea mbele yangu.

"Lala chini," nikasema.

"Nini?"

"Lala kifudifudi pale pembeni. Kamera iwe usawa wa mabuti yao. Miguu tu, usionyeshe kitu juu ya goti."

"Na kiboksi?"

"Kiboksi nipe mimi."

Alinipa. Sikuwa nimewahi kukigusa na vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Wivu ulikuwa umenifundisha usiku baada ya usiku. Nikaondoa rangi, picha ikawa nyeusi na nyeupe kama za zamani. Kwenye ule mkanda ikatokea miguu, mikubwa, ikipasua maji. Uwanja ukatulia kidogo. Halafu nikabonyeza chenye mkanda mwekundu.

Kila buti likaanza kuacha buti nyuma yake. Na hilo likaacha jingine. Miguu ishirini na minne ikawa mia, mia ikawa zamu nzima, wakitoka, wakitoka tu, mstari usio na mwisho wa wanawake wanaokwenda nyumbani, walio mbele weupe na wazi, walio nyuma wakififia. Na kwa kuwa sakafu ilikuwa na maji, chini yao kulikuwa na wengine, kichwa chini.

"Chini zaidi!" nikampigia kelele Gastón. "Shusha! Fuata kisigino!"

Alikuwa anajivuta kwa viwiko ndani ya madimbwi, koti lake la Barcelona limeloa chapachapa. Shirley akageuza shingo, akaona kilichokuwa nyuma yake. Mungu ambariki mwanamke yule. Badala ya kuwasimamisha wanakwaya mahali pao, aliwafanyia ishara waendelee kutembea, wapite nyuma ya pazia, watokee tena upande wa pili, na yeye mwenyewe akaurudia ubeti kwa sauti ya chini, bila ngoma.

Kwenye ngazi mama mmoja mzee akasimama. Kisha mwingine mbali naye. Kisha wakaanza kusimama kimyakimya, kama watu wanavyosimama jeneza likipita, na katikati ya kimya kile mwanamume mmoja akaita kwa sauti iliyopasuka, "Yule ni mama yangu! Yule!" Alikuwa ananyooshea kidole buti.

Kwa muda wa wimbo ule sikumwonea wivu mtu yeyote duniani.

Taa zilipozimwa, Baba aliinuka bila fimbo. Alipita mbele ya meza yangu, akamnyanyua Gastón kutoka sakafuni, akamkumbatia pamoja na matope yake. "Kijana wangu! Umetuokoa! Umeliokoa kundi!"

"Mimi nilishika kamera tu, Baba," Gastón akasema. "Ni Nibia. Yote ni Nibia."

"Najua," Baba akasema. Akanitupia jicho, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. "Nibia huwa yupo."

Akaenda kumbusu Shirley.

Nilibaki na kiboksi mkononi. Nilitamani kukitumbukiza kwenye dimbwi. Nilikifuta kwa sketi yangu, nikakirudisha kwa mwenyewe.

Jumatano, 26 Februari

Nilikuwa naanika koti la Gastón uani. Akaja, akashika ncha ya pili.

"Ile skrini ya klabu," akasema. "Ulijua kwamba inachelewa."

"Nilijua."

"Nilijua kuwa ulijua." Akacheka, mjinga yule, vibanio mdomoni. Nilitaka anipige. Akaning'iniza mkono wa koti, kisha akasema bila kuniangalia, "Unadhani ni wewe peke yako unayeumwa roho katika nyumba hii?"

"Roho ikuume wewe? Wewe uliyepewa kitanda, na mbavu, na machozi?"

"Kila Jumapili Baba alikuwa ananipigia simu. Unajua alikuwa anasema nini? 'Nibia katengeneza mvua, ungedhani utaloa. Nibia hajachelewa mazoezi hata mara moja. Nibia alimshika mama yako mkono mpaka mwisho. Na wewe, unafanya nini huko?' Miaka tisa, dada. Nilifika mahali nikiona namba yake naiacha ilie."

"Na ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa naosha glasi kwenye baa. Kiboksi nimenunua Novemba." Akapangusa pua. "Baba ni tero kweli. Ndege yule anapiga kelele huku, mayai kayaficha kule."

Nilimwachia lile koti, nikaingia ndani. Ungedhani maneno yale yangenipoza. Yamenichoma zaidi ya yote ya msimu huu. Miaka tisa chakula changu kilikuwa kinapelekwa kwa mtu mwingine, naye hakukila.

Jumamosi, 1 Machi

Tumeshika nafasi ya pili. Pocho kasusa kunyoa. Watu wa kundi la La Teja, walioshika ya kwanza, wamenipigia simu: wananitaka kwa kanivali ijayo, michoro na jukwaa lote chini yangu. Nimewaomba wanipe hadi Jumatatu, tarehe 10.

Jumamosi, 8 Machi

Leo onyesho la kuaga. Basi lilikuwa limeshafika mlangoni nilipoingia jikoni. Baba alikuwa amevaa, amekaa na yerba yake, anasubiri maji yapoe kidogo.

"Baba, watu wa La Teja wananitaka."

"Wakutake. Nani asiyekutaka?"

"Wewe."

Aliweka kibuyu chake cha yerba mezani. "Unasema nini?"

"Gastón kaniambia mlivyokuwa mnaongea kila Jumapili. Yote. Kwa nini hukuwahi kuniambia mimi?"

Alifikiri, na niliona kwamba anafikiri kwa kweli; hakuwa anatafuta mlango wa kutokea. "Aliye mbali lazima aambiwe," akasema. "Aliye karibu anajionea."

"Sikuona, Baba."

Uso wake ulifanya kama unataka kukasirika, ukaacha. Akaondoa chupa ya maji ya moto kwenye kiti cha pembeni, akakifuta kwa kiganja.

"Keti."

Nikaketi.

"Mimi sijui kusema haya mtu akiwa ananitazama," akasema. "Angalia dirishani." Nikaangalia dirishani. "Mwaka ule ulipoanza nasi, hatukuwa na skrini. Ulichora mwezi kwenye shuka la mama yako, ukalimulika kwa nyuma na taa ya baiskeli. Mwezi ulikuwa umepinda upande. Pocho alitaka urekebishwe. Nilimwambia akiugusa namfukuza. Nikaenda nyuma ya jukwaa nikasimama upande ule wa taa, nikakuona umeshikilia ile baiskeli na unazungusha pedali kwa mkono. Nikasema..." Akasafisha koo. "Sikusema. Ngoja. Nilitaka kusema..."

Mlango ukafunguliwa. Gastón, amevaa tayari, kiboksi kwapani. "Baba, dereva anasema tumechelewa. Basi linaondoka."

Baba hakugeuka.

"Subiri nje, Gastón," akasema. "Nazungumza na mwanangu."

Gastón akaniangalia, akaufunga mlango taratibu. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Baba akaanza upya toka kwenye ule mwezi.